Umejenga? Ndiyo, nimejenga meli

Mwanangu,

Nimeona nikuandikie badala ya kupiga, maana kwenye simu we unakuwaga na haraka na mimi nikianza kujieleza netiweki inakata, afu kuna vitu ukivisema kwa mdomo vinatoka vibaya. Juzi uliniuliza "baba, eti baba mdogo anasema umeanza kuchanganyikiwa huko, kweli?" ukacheka, na mimi nikacheka, tukahamia kwenye ada. Lakini kile kicheko chako nilikisikia. Kilikuwa cha mtu anayetaka kuambiwa hapana.

Nianze na ile picha basi. Niliituma mwenyewe kwenye grupu la ukoo, saa tano usiku nimetoka shifti, sikuandika kitu chini yake nikadhani itajieleza. Meli ya vitofali vya lego, vile vya plastiki vya kuchezea watoto, juu ya meza ya kulia chakula, nusu ya nyuma bado. Kuamka asubuhi meseji arobaini na kitu. Shangazi yako kaweka vile vikatuni vya kucheka mpaka machozi, mstari mzima. Baba yako mdogo kaandika "kaka wenzako wanajenga Gungu we unajenga mezani", na hiyo ndo ikaondoka na kijiji, kila mtu akaidandia, mmoja anauliza vyumba vingapi, mwingine anasema atatuma fundi aje apige lipu. Mama yako hakuandika kitu. Na wewe uliisoma, niliangalia, ukanyamaza.

Sina kinyongo. Ule utani wa lipu nilicheka peke yangu kwenye basi mpaka mama mmoja akahama siti. Ila unajua kwetu neno kujenga lina uzito gani, mtu akikaa Ulaya miaka kumi na tatu haulizwi unaumwa, haulizwi unalala saa ngapi, anaulizwa umejenga? Na mimi pale Gungu, Kigoma, nina msingi tu, umeota majani mpaka majirani wanafungia mbuzi, kwahiyo nikiweka picha ya kitu nilichojenga kwa plastiki hapo nimejitia kitanzi mwenyewe, naelewa.

Lakini tuongee hesabu kidogo maana najua ndo mnachowaza. Yale maboksi makubwa ya kampuni ya lego mimi sinunui. Titanic yao ya mwaka 2021 ina vipande 9,090, nimeishia kuitolea macho dirishani. Mimi nanunua vya mtumba, watu huku wakihama au mzazi akifariki wanatoa ndoo nzima ya vitofali kwenye magulio ya Jumapili, unalipa hela ambayo baba yako mdogo anaichoma kwenye mkeka mmoja wa kubeti wa Jumamosi. Na mkeka ukichanika, sijawahi kuona mtu kwenye grupu anamuuliza umejenga? Anapewa pole! Babu zako wamekaa barazani na bao toka nina akili, wazee wazima na kete, wanatukanana na kununiana kabisa, wanaitwa wazee wa busara. Watu wanacheza drafti kwa vizibo vya soda mpaka magharibi. Jamaa wa Simba na Yanga wanalia machozi. Mimi nimekaa kimya mezani kwangu na kikombe cha chai, simsumbui mtu, ndo nimechanganyikiwa.

Usifikiri ni watu wa nyumbani tu lakini. Huku Denmark ndo kwao hii kitu, mimi nakaa Vejle na Billund iko jirani tu hapo, alikoanzia mwenye lego, Ole Kirk Christiansen, mwaka 1932, fundi seremala wa kujenga nyumba, mdororo wa uchumi ukamkausha kazi akaanza kuchonga ngazi na mbao za kupigia pasi na magari ya watoto. Jina lenyewe la lego wamelitoa kwenye maneno yao mawili yanayomaanisha cheza vizuri. Ungedhani basi hapa mtu mzima atashika vitofali kwa raha zake. Wapi. Kwenye vile vituo vyao vya ndani vya Legoland kwenye miji mikubwa ya Ulaya, mtu mzima bila mtoto haingii, mpaka usiku maalumu wa watu wazima. Sawa, sababu ya kulinda watoto naielewa. Ila ndo ujue mtu mzima peke yake mbele ya vitofali anaangaliwaje.

Na kaunta sasa. Hapa ndo kuna jambo nilitaka kukwambia, mengine yote nilikuwa nazunguka.

Boksi langu la kwanza kabisa nililinunua dukani, jipya, dogo tu, gari la zimamoto, maana nilitaka nijue vinashikanaje. Yule binti wa kaunta kaniangalia kwa tabasamu, kaniuliza ni zawadi? Nikasema ndiyo. Akauliza ya mtoto wa miaka mingapi, nikajibu bila kufikiri, mwanangu, ana miaka minane. We mwaka huo ulikuwa na kumi na tano. Akatoa karatasi ya maputo akalifunga vizuri, akaweka na utepe, akaukunjakunja kwa mkasi, nyuma yangu foleni ya watu, nikashukuru nikaondoka. Nimekaa kwenye basi na zawadi mapajani. Nikafika nyumbani nikakaa kitandani nikaifungua mwenyewe taratibu nisichane karatasi, sijui nilikuwa naitunzia nini.

Toka siku hiyo nimekutumia wewe kama kisingizio zaidi ya mara moja. Kazini kwenye ghala wakinikuta naangalia vipande kwenye simu nasema namtafutia mwanangu. Kuna Mdenishi mmoja tunabeba naye mizigo akasema mwanao ana bahati. Nikaitikia. Na we ulipokuwa kweli na miaka minane mimi nilikuwa nina mwaka wa pili huku, uliomba baiskeli nikatuma ada na viatu, na baiskeli nikasema mwakani, unajua mwenyewe hiyo mwakani iliishia wapi. Kwahiyo ukisikia nimekasirika kwa utani wa grupu, hapana. Nilichokiona kwenye ule ukimya wako ni kwamba umeona aibu kwa ajili yangu, na mimi miaka yote nilikuwa naikimbia aibu hiyohiyo kwa kukutanguliza wewe mbele ya kaunta. Hiyo ndo nilikuwa nataka uijue toka kwangu.

Baadaye mwaka 2020 wenyewe kampuni wakaanza kutoa maboksi meusi yameandikwa 18+, kama pombe vile! Wanajua watu wazima wengi wananunua kwa kujificha basi wakaamua kuwatoa aibu, biashara tu, mi sidanganyiki. Ila na mimi nilinyanyua kichwa kidogo, siwezi kukataa.

Mashabiki wa huku wana msemo wao, enzi za giza, yani ile miaka kati ya kuacha ukiwa mtoto na kurudia ukiwa mkubwa. Mimi sina enzi za giza bana, mimi nilianzia gizani. Sisi Ujiji tulikuwa tunatengeneza magari ya waya, matairi ya kandambili, bodi ya kopo la mafuta, na lori langu lilikuwa na springi kweli, lilikuwa linakubali kona. Hakuna aliyenicheka hata mmoja, watu wazima walikuwa wanasimama wanatoa ushauri. Sijui ni umri gani hasa ambao mtu ukivuka mikono yako inatakiwa isahau.

Sasa meli. Umeiona kwenye picha, lakini nadhani hukuitambua, na hapo kosa ni langu kwa kutoandika kitu. Ni Liemba, ile meli kongwe ya Ziwa Tanganyika. Babu yako alikuwa makenika kule chini kwenye injini, mimi nikiwa mdogo nilipanda naye mara mbili mpaka Mpulungu, Zambia, na kumbukumbu yangu kubwa ni usiku, meli inasimama katikati ya maji mbele ya kijiji, taa zinawashwa, na mitumbwi inakuja kwa fujo toka gizani, mapapai, kuku, magunia ya dagaa, mama mmoja anapandishwa kwa mkono mmoja huku kashika mtoto kwa mwingine, na babu yako katoka kupunga upepo na lile fulana lake lina mafuta, anaangalia kama mwenye mali.

Na unajua ile meli ilifikaje Kigoma? Wajerumani waliiunda kwao Papenburg mwaka 1913, wakaifungua yote, kipande kwa kipande, wakaipakia kwenye makasha kama 5,000, ikaja Dar kwa meli, kisha reli, afu Kigoma ikaunganishwa upya, ikashushwa majini Februari 1915. Mwaka uliofuata wakaizamisha wenyewe isichukuliwe na adui, maana ilikuwa vita ya kwanza ya dunia, wakapaka mitambo grisi kabla, Waingereza wakaiibua 1924 na 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba. Watu wazima, makasha 5,000, wanatafuta kipande kipi kinaingia wapi. Nikimwambia baba yako mdogo hivyo atasema ile ilikuwa ya chuma. Ni kweli.

Liemba ina urefu wa mita 71 na ushee. Nimechukua moja kwa mia, kwahiyo yangu ni sentimita 71, na kile kinundu cha juu ya kitofali kutoka kimoja hadi kingine ni milimita nane, piga hesabu inakuja vinundu themanini na tisa hivi. Wiki tatu nimehangaika na pua ya mbele tu, maana vitofali vinapenda pembe na meli inataka kupinda. Na kijivu! Miaka ya 2003, 2004 hivi kampuni ilibadilisha kijivu chake, kipya kina ubluu kidogo, na kwenye ndoo ya mtumba vimechanganyika, usiku kwenye taa ya jikoni huoni tofauti, asubuhi jua likipiga unaona ubavu wa meli una viraka kama suruali ya mvuvi. Nimebomoa mara mbili. Ila kuna ndoo nilipewa na bibi wa ghorofa ya chini, vya utoto wa watoto wake, na vya zamani hivyo vinang'ang'ania vipya bila shida, maana ule mfumo wa vishikizio vya ndani ni wa 1958 hawajaubadilisha mpaka leo. Kale kamlio ka tk! Basi tu.

Mwezi wa tatu walikuja Watanzania wa Odense, nikaifunika meli na kitenge. Mtoto wa mmoja wao akavuta. Kimya. Yule mtoto akauliza naweza kugusa? Mama yake akauliza hii ya mtoto gani, kwenye nyumba ambayo haina mtoto, afu akanivuta pembeni, "shemeji, uko sawa lakini?" Jamaa mmoja akasema bora hivyo kuliko pombe, kama ananitetea. Basi huyohuyo jamaa, mtu wa Tanga, ana kitambi na heshima zake, wenzake walivyoondoka akabaki, mpaka saa nane usiku yuko kwa magoti chini ya meza yangu anatafuta kipande cha mlingoti kilichodondoka, na alivyokipata alinionesha kama kapata almasi. Toka siku hiyo kila Ijumaa ananipigia, "mzee, bomba la moshi limeshakaa?" Ila mbele za watu tukikutana anaongelea mpira.

Nilimtumia pia baba yako mdogo habari za Ekow Nimako, Mkanada mwenye asili ya Ghana, anajenga kwa vitofali vyeusi tu, mwaka 2019 alionesha Toronto, makumbusho ya Aga Khan, mji wa Kumbi Saleh wa Ghana ya kale, vitofali kama laki moja. Nikamwambia angalia, mtu mzima, tena mweusi mwenzetu. Akajibu "huyo analipwa". Nikakosa jibu, na mpaka leo sina.

Lakini kuna kitu shangazi yako aliniambia pembeni, hakukiweka kwenye grupu. Alimwonesha babu yako ile picha kwenye simu. Mzee kaivuta simu karibu na jicho lile zima, kaangalia muda mrefu mpaka skrini ikazima ikabidi iwashwe tena. Shangazi anasubiri acheke. Mzee akasema, "Mwambie mashua za kuokolea ameziweka mbele sana. Na bomba kalilaza." Basi, akarudisha simu, akaomba uji.

Ukienda Kigoma likizo hii nina kazi nakupa. Mkalishe babu asubuhi kabla hajachoka, umchoree ubavu wa meli kwenye karatasi, hata vibaya, afu aweke alama mashua zilikaa wapi na mlango wa kushukia injini ulikuwa upande gani, mimi nakumbuka kushoto ila nilikuwa mtoto. Picha ya karatasi nitumie mimi, au weka kwenye grupu, utakavyoona. Sijabomoa kitu, nasubiri hiyo. Na ile hela ya daftari nimetuma jana, angalia simu.

Baba yako