Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Kutakasa Polima za Bakteria wa Baharini

Ndugu wanachama,

Mambo ya ada na mahesabu yamo kwenye taarifa ya mhazini, sitayarudia. Taarifa hii inahusu jambo lililochukua muda mwingi wa kamati ya ufundi mwaka huu: namna ya kuua vijidudu kwenye polima za sukari, yaani minyororo mirefu ya sukari, zinazotengenezwa na bakteria wa baharini, bila kuiharibu polima yenyewe. Wapo wanaouliza bahari na Mbeya wapi na wapi. Unga uliokaushwa kwa kugandishwa husafiri kwa basi kama mzigo mwingine, na ukifika hapa unakutana na hali yetu ya milimani, ambayo haimo kwenye vitabu vingi vya maelekezo.

Mfano unaojulikana ni polima ya HE800. Hutengenezwa na Vibrio diabolicus, bakteria aliyepatikana kwa mnyoo anayeishi kwenye chemchemi za moto za sakafu ya Pasifiki ya mashariki, akaelezwa kisayansi mwaka 1997. Masi yake ya molekuli ni kama 800,000, na muundo wake unakaribiana na asidi ya hayaluroniki, polima ya sukari iliyomo kwenye ngozi na viungo vya mwili wetu, ndiyo maana inachunguzwa kwa tiba ya mifupa na ngozi. Chemchemi ya moto isimdanganye mtu: bakteria huyo ni wa joto la wastani, na polima yake haipendi kuchemshwa.

Nianze na otoklevu, chombo cha kuua vijidudu kwa mvuke wenye shinikizo, maana ndiyo kila mtu anayoikimbilia. Maelekezo husema paundi 15 kwa inchi ya mraba, dakika 15, nyuzijoto 121. Hiyo ni hesabu ya pwani. Geji husoma tofauti kati ya ndani na nje, na Mbeya, kwenye mita 1,700 hivi, hewa ya nje ina kilopaskali kama 82 tu badala ya 101. Kwa hiyo geji ikisoma 15, ndani kuna nyuzijoto 118 hivi. Kufika 121 kunahitaji geji isome karibu na 18, na Njombe na Makete zaidi kidogo. Kama chombo chako hakikuidhinishwa kwa shinikizo hilo, usithubutu kuongeza uzito juu ya vali. Ongeza muda: kwa nyuzi 118, dakika 15 zinakuwa kama 30. Na kabla ya yote, toa hewa yote chomboni, kwa sababu hewa iliyobaki huipandisha geji bila kupandisha joto. Amini kipimajoto kilichomo ndani ya mzigo.

Kwa vyombo na vimiminika vya kawaida, kurefusha muda hakuna madhara. Kwa polima kuna hasara. Joto likipanda nyuzi 10, kasi ya kufa kwa spora, yaani mbegu sugu za bakteria, huongezeka kama mara kumi, lakini kasi ya kukatika kwa minyororo ya sukari huongezeka mara mbili au tatu tu. Maana yake ni kwamba joto kali la muda mfupi huihurumia polima kuliko joto dogo la muda mrefu, na sisi wa milimani tunasukumwa upande mbaya wa hesabu hiyo. Mmumunyo ukiwa na uasidi, mnyororo hukatika haraka zaidi. Ukiwa na alkali, vikundi vya asetili, vipande vidogo vilivyoshikamana na mnyororo, vinang'oka. Kwa hiyo pendekezo la kamati ni kutopitisha mmumunyo wa polima hizi kwenye otoklevu kabisa. Pitisha maji, chumvi na chupa peke yake, kisha uyeyushie humo unga uliotakaswa kwa njia nyingine, ndani ya kabati la hewa safi.

Njia nyingine ni ipi? Kuchuja kwa tundu la mikromita 0.22 ndiko kunakowezekana kwa maabara zetu nyingi. Anza na mmumunyo mwembamba, gramu 1 kwa lita, upite chujio la 0.8, kisha 0.45, ndipo 0.22. Tatizo ni mnato: minyororo mirefu huziba utando, mtu anaongeza shinikizo, na utando unapasuka bila yeye kujua. Kila baada ya kuchuja, pima kama utando ni mzima kwa shinikizo la kiputo, yaani shinikizo la kusukuma hewa ipite kwenye utando uliolowa, lililoandikwa na mtengenezaji. Kausha pia kiasi kidogo kilichopita, upime uzito, ulinganishe na kabla. Chujio lisiloziba si ushahidi kwamba halikubakiza kitu.

Mionzi ya gama ya kilogrei 25 hupenya vizuri, ila huzalisha chembe huru ndani ya maji, nazo hukata minyororo. Ukilazimika kuitumia, peleka unga mkavu, uliobaridi, kwenye pakiti iliyotolewa oksijeni, na uutarajie upungue mnato hata hivyo. Gesi ya ethileni oksaidi huacha mabaki yenye sumu, na unga wenye vitundu hushika mabaki hayo. Alkoholi ya asilimia 70 si utakasaji, ni usafi tu, spora hazijali.

Njia iliyotuvutia zaidi ni kaboni dayoksaidi iliyopita kiwango ambacho juu yake gesi na kimiminika havitofautiani tena: nyuzijoto 31.1 na megapaskali 7.38. Hapo inapenya kama gesi na kuyeyusha kama kimiminika, kwa joto la mwili wa binadamu hivi. Peke yake haiui spora kwa uhakika. Huongezewa kiasi kidogo cha hidrojeni peroksaidi au asidi ya perasetiki, kisha hupitishwa gesi safi kuondoa mabaki. Mtungi wa kaboni dayoksaidi wa kutengenezea soda hautoshi: kwa nyuzi 20 una megapaskali 5.7 tu, hivyo pampu yenye kichwa cha kupozwa ni lazima. Kutoa shinikizo haraka hupasua unga uliokaa kama sifongo.

Yako mambo mawili ambayo wajumbe wameyakosa mara nyingi kwenye mipango yao ya kazi. Bakteria hawa ni wa Gramu hasi, kundi lenye endotoksini, sumu za ukuta wa seli, kwenye utando wa nje, na endotoksini hizo haziharibiki kwa mvuke wala hazizuiwi na chujio la 0.22. Glasi huondolewa endotoksini kwa joto kavu la nyuzi 250 kwa dakika 30. Polima huhitaji kusafishwa mapema, kisha kupimwa kwa kipimo cha Limulus, kinachoonyesha kama endotoksini zimebaki. La pili, upimaji wa usafi kwa siku 14 kwenye mchuzi wa kawaida wa kuoteshea bakteria unaweza kuonyesha hakuna kitu, ilhali bakteria wanaohitaji chumvi wamelala tu. Ongeza sahani ya agari ya maji ya bahari.

Tunaomba mkutano uidhinishe kununua vipimajoto vya waya vya kuingizwa kwenye mzigo, kwa kuazimana kati ya maabara za Mbeya, Iringa na Njombe, pamoja na mirija ya kupimia mnato kwa nyuzi 25, kabla na baada ya kila utakasaji.

Mwenyekiti