Mbwa wa Jirani: Barua kwa Mwanangu

Langoni, Lamu

Mwanangu,

Salamu zako zimefika, na habari za huyo mbwa wa jirani anayekukosesha raha kwa kubweka nimezisoma zote. Unasema umeshapanga kwenda polisi. Usende bado. Na ule ujumbe uliouandaa kwa ajili ya kundi la WhatsApp la wapangaji, ufute kabla kidole hakijateleza. Mtu akishaaibishwa mbele ya majirani wote hatafuti tena namna ya kumnyamazisha mbwa wake, hutafuta namna ya kukujibu wewe.

Kuna jambo ambalo wanaolalamika hulisahau: yamkini jirani yako hajamsikia mbwa wake akibweka kama unavyomsikia wewe. Mbwa wengi hubweka zaidi mwenye mbwa akiwa kazini au safarini. Akirudi jioni, mbwa humchezea mkia, hula, hulala. Kwa hiyo akikwambia "mbwa wangu hana kelele", huenda hasemi uongo. Inabidi umpelekee habari asizo nazo, na kwa sasa hata wewe huna, una hasira tu.

Nunua daftari dogo. Hakikisha kwanza ni mbwa gani, maana huko kwenu Muyeye, Malindi, mmoja akianza wanne humjibu, na wa kushughulikiwa ni yule anayeanza. Kisha kwa wiki mbili, siku 14 mfululizo pamoja na Jumamosi na Jumapili, andika tarehe, saa alipoanza, saa aliponyamaza, alibweka vipi, na nini kilikuwa kikipita wakati huo: tuktuk, watoto wa shule, punda wa maji, tumbili ukutani, mlinzi wa zamu. Andika pia kama gari la jirani lilikuwapo. Usiku aliolala kimya nao uandike, kwa sababu daftari lenye malalamiko matupu haliaminiki. Rekodi sauti kwa simu mara tatu nne tu. Iweke simu juu ya kizingiti cha dirisha la chumba unacholala, usiishike mkononi, na mwanzoni taja tarehe na saa kwa mdomo wako. Programu za simu zinazodai kupima desibeli, yaani ukubwa wa sauti, zitakupa picha ya jumla, lakini usizitumie kama ushahidi, kwa kuwa kipaza sauti cha simu hakijapimwa na kusahihishwa kama kifaa cha afisa wa serikali anayepima kelele.

Baada ya wiki ya kwanza utaanza kuona mpangilio, na huo ndio utakaokwambia anabweka kwa nini. Akibweka kwa vishindo vifupi kila kitu kinapopita, kisha akanyamaza, huyo analinda mpaka, na kwa kawaida utakuta geti ni la nondo au bati lake limeacha mwanya chini anaochungulia. Akibweka sauti moja ileile, anapumzika kidogo, anarudia, saa nzima au zaidi hali hakuna anayepita, huyo amefungwa mnyororo au ameachwa peke yake. Sauti nyembamba yenye kulialia mara nyingi ni hofu au maumivu. Kupe na viroboto pwani hii humkosesha mbwa usingizi, na asiyelala hubweka. Akianza ghafla usiku wa manane huku ameinua kichwa kutazama minazini, mtazame komba kabla hujamlaumu mbwa. Na kama kuna jike lenye joto la kutaka dume mtaani, madume yatakesha yakizurura na kupigana kwa muda wa wiki tatu hivi, halafu yatatulia. Hilo usilipeleke kwa mtu yeyote kama kesi ya jirani yako.

Ule mlio mrefu anaoutoa wakati wa adhana ya alfajiri usiuhesabu. Vipaza sauti hutoa sauti ndefu iliyonyooka, na mbwa huijibu kama anavyomjibu mwenziwe wa mbali. Adhana ikiisha naye hunyamaza. Wapo watakaokupa tafsiri nyingine. Wasikilize kwa adabu, usibishane nao.

Angalia pia upepo. Kusi ikivuma, tangu Aprili hadi Septemba hivi, nyumba iliyo upande wa kaskazini wa mbwa hubeba kelele zote. Kaskazi ikishika, Desemba hadi Machi, mzigo huhamia upande wa pili. Ndiyo maana majirani wawili wanaweza kuapa kinyume kabisa juu ya mbwa yuleyule na wote wakawa wakweli. Basi kelele zikipungua mwezi wa Novemba, usitangaze kwamba mambo yamekwisha.

Sasa kumwendea. Nenda mwenyewe, kwa miguu, baada ya Alasiri, wakati mbwa amenyamaza. Usiende Ijumaa mchana, wala usiku ukiwa na usingizi machoni. Piga hodi, ngoja. Kama ni mkubwa kwako, shikamoo kwanza, na uulizie watu wa nyumbani kabla ya kutaja mnyama. Daftari liache nyumbani siku ya kwanza, maana mtu akiona daftari anajua ameshaandikwa. Sema maneno machache: "Jirani, nimekuja kwa jambo dogo ambalo huenda hulijui. Mnapokwenda kazini mbwa hubweka sana, hasa kuanzia saa tatu mpaka saa saba. Nimeona nikwambie wewe kabla ya mtu mwingine." Kisha muulize mbwa hubaki na nani mchana. Swali hilo litakufungulia mengi kuliko lawama. Usimwambie amwondoe mbwa. Huenda walishaibiwa, na mbwa huyo ndiye usingizi wao. Omba saa za utulivu, na muombe abadilishe jambo moja au mawili, msikilizane tena baada ya wiki mbili.

Yeye naye akikwambia kuhusu paka wako anayekaa juu ya ukuta wa mpakani, mkubalie. Paka juu ya ukuta anatosha kumfanya mbwa abweke asubuhi yote.

Kama nyumba ni ya Mtaliano ajaye miezi michache tu kwa mwaka, usimalize maneno yako na askari wa getini. Yeye hana ruhusa hata ya kuhamisha kibanda cha mbwa. Muulize kwa upole ni nani anayesimamia nyumba, na upeleke jambo huko. Lakini askari usimruke bila salamu, kwa sababu ndiye atakayetekeleza lolote litakaloamuliwa.

Marekebisho yenyewe si ya gharama kubwa, nawe unaweza kujitolea mkono au hata kuchangia bati. La kwanza ni mahali pa kibanda. Nje, palipo wazi, sauti hupungua kwa takriban desibeli 6 kila umbali unapokuwa mara mbili. Tuseme mbwa anatoa desibeli 80 ukiwa mita 1 naye, na wengine hupita hapo. Mita 4 zitabaki 68, mita 8 zitabaki 62, mita 16 zitabaki 56. Kibanda kikitoka mita 4 kutoka dirisha lako kikapelekwa mita 16, umepunguziwa desibeli 12, na sikio litaona kelele imeshuka zaidi ya nusu. Mlango wa kibanda ugeuzwe usitazame geti wala dirisha lako. Ukuta wa mawe husaidia ikiwa tu unaziba njia ya moja kwa moja kati ya mdomo wa mbwa na sikio lako. Ukiwa chumba cha juu, ukuta wa mita mbili haukusaidii kitu, na paa la makuti halizuii sauti.

La pili ni geti. Nondo zizibwe kwa bati au kwa makuti yaliyosukwa, kuanzia ardhini hadi juu ya macho ya mbwa akiwa amesimama kwa miguu ya nyuma. Mwanya wa chini usisahauliwe. Mtu huziba juu kote akaacha sentimita kumi chini, kisha analalamika kwamba bati halikusaidia, kumbe mbwa analala hapo akihesabu viatu.

La tatu ni mnyororo. Mbwa aliyefungwa kwenye mti kwa mnyororo wa mita moja na nusu kutwa nzima atabweka, mpige usimpige. Kama hawawezi kumwachia uani, wavute waya imara kati ya nguzo mbili, mita 8 hadi 10, wapitishe pete, na kamba ya mbwa ifungwe kwenye hiyo pete. Waweke vizuizi kwenye waya, mita moja hivi kabla ya kila nguzo, la sivyo atajizungusha na kunaswa juani. Kivuli kiwepo, na maji kwenye chombo kizito asichoweza kukipindua. Mbwa wa kilo 20 huhitaji zaidi ya lita moja ya maji kwa siku, na kwa joto la Malindi mwezi wa Machi huhitaji zaidi ya hapo.

Halafu chakula na mwendo. Nusu saa ya kutembezwa kabla ya Magharibi, kisha chakula, humlaza mbwa mapema. Sima na mabaki yawe bila miba ya samaki wala mifupa iliyopikwa, kwa sababu hupasuka vipande vyenye ncha na kumchoma ndani. Mfupa mkubwa mbichi wa ng'ombe kutoka buchani humshughulisha asubuhi mwenyewe anapotoka.

Wasimfokee anapobweka, yeye hudhani nao wanabweka pamoja naye. Wangoje anyamaze hata kwa sekunde chache, ndipo wamsifu au wampe kitu. Na waonye mapema: mbwa aliyezoea kubweka ndipo atolewe, siku wakiacha kumtoa atabweka zaidi kwa siku kadhaa kabla ya kupunguza. Wengi hushindwa hapohapo. Wakikubali siku ya nne, wamemfundisha kwamba inapasa kubweka siku nne. Wewe nawe usimrushie jiwe hata mara moja. Utakuwa sababu yake mpya ya kubweka kila upitapo.

Wiki mbili zikipita bila mabadiliko, rudi mara ya pili, safari hii na daftari. Ikishindikana, na kama nyote ni wapangaji wa mtu mmoja, mwendee mwenye nyumba. Kisha mzee wa mtaa au wa Nyumba Kumi, halafu naibu wa chifu na chifu. Usiruke ngazi, kwa kuwa kila utakayemfikia atakuuliza umeanzia wapi. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 159, yenyewe inahimiza mahakama zikuze upatanishi. Mkipatana kwa mzee, iandikwe karatasi moja: majina, tarehe, kibanda kitahamia wapi, geti litazibwa lini, saa za utulivu, siku ya kukutana tena, sahihi zenu na za mashahidi wawili. "Mbwa asisumbue" si makubaliano; hakuna awezaye kulipima neno hilo.

Baada ya hapo ndipo serikali. Jedwali la Nne la Katiba limeziachia kaunti udhibiti wa kelele na pia utoaji leseni za mbwa, kwa hiyo mlango wako ni wa afisa wa afya ya umma wa kaunti ndogo ya Malindi, pamoja na ofisi ya mifugo kama mbwa anateswa au hana chanjo. Zipo pia kanuni za kelele za mwaka 2009 zinazosimamiwa na NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira. Kwa maeneo ya makazi, nje ya nyumba, kiwango ni desibeli 50 mchana na 35 usiku, na usiku kwa kanuni hizo huanza saa mbili hadi saa kumi na mbili asubuhi. Lakini elewa kwamba hicho ni kipimo cha wastani wa muda, si cha mbweko mmoja. Mbwa aliyebweka mara tano mwizi akipita hajavunja kitu. Anayebweka usiku kucha ndiye mwenye kesi. Hapo ndipo daftari lako litakapofanya kazi kuliko sauti yako.

Najua baadhi ya vijana wenzako watakushauri sumu. Ni kosa la jinai, na ile nyama itaokotwa na paka, kuku, au mtoto wa mtu. Wengine watakuletea dini, kwamba mbwa ni najisi na hana haki ya kufugwa. Mate yake, kwa madhehebu yetu ya Kishafii, ni najisi kweli na huoshwa mara saba, moja kwa udongo; lakini mbwa wa ulinzi ameruhusiwa, na jirani asiye Mwislamu bado ni jirani. Hoja hiyo usiipeleke getini kwake.

Mwisho, kitu ambacho hakingoji hatua hata moja. Mbwa akibadilika sauti ikawa ya kukwaruza, akadondosha mate, akatembea akiyumba au akang'ata vitu ovyo, usimkaribie, piga simu ofisi ya mifugo siku hiyohiyo. Akimng'ata mtu, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili, kisha hospitali kupata chanjo, hata kama ni mkwaruzo na hata kama mwenye mbwa anasema mbwa amechanjwa. Mwombe cheti, chanjo ya kichaa cha mbwa hutolewa tangu miezi mitatu na kurudiwa kila mwaka. Mbwa mwenyewe asiuawe, afungiwe na kuangaliwa siku 10.

Mamako anakusalimu na anauliza kama zile achari zimefika. Ukimaliza kurasa za wiki ya kwanza zipige picha unitumie, tuzisome pamoja kabla hujaenda kupiga hodi.

Babako