“Mfumo umekataa” si jibu la kiongozi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nichangie mjadala unaoendelea kuhusu akili mnemba na uongozi wa biashara, mjadala ambao kwa maoni yangu umezunguka mno kwenye swali la nani atapoteza kazi, huku swali la nani atajibu likiachwa pembeni. Nimekuwa mjumbe wa kamati ya mikopo ya chama chetu cha akiba na mikopo huku Muheza tangu enzi ya daftari na kalamu ya wino, na kinachonifanya niandike ni sentensi moja ninayoisikia sasa kila ninapokwenda kudai huduma: “Mfumo umekataa.”

Zipo sentensi za ukoo huo ambazo tumezizoea. Tulikuwa na “mtandao hakuna” na tulikuwa na “mkubwa hayupo”. Lakini aliyekwambia mkubwa hayupo alikubali walau kwamba mkubwa ni mtu, na kwamba ukirudi kesho utamkuta. Leo mkubwa yupo kitini, nawe uko mbele yake, ila naye analisoma jibu kwenye kioo cha kompyuta kama unavyolisoma wewe.

Hilo nililishuhudia kwa macho yangu. Mwanachama wetu mmoja, mama anayelima machungwa, aliomba mkopo mkubwa kuliko uwezo wa chama chetu, nasi tukamwelekeza kwenye taasisi moja ya fedha, ambayo sitaitaja. Alipokataliwa nilimsindikiza kwenda kuuliza sababu. Meneja wa tawi, kijana mwenye adabu zake, alitugeuzia kompyuta tuone alama ambazo programu ilimpa mama huyo. Nilipomuuliza alama hizo zimetokana na nini, alisema hajui. Nilipomuuliza kama anaweza kuzipitia upya, alisema hana mamlaka hayo. Na nilipomuuliza ni nani mwenye mamlaka, alinyamaza kidogo, kisha akasema labda makao makuu. Sikuudhika kwa sababu ya kukataliwa, kwani hata sisi katika kamati tumewakataa watu wengi, wengine majirani zetu. Kilichonitatiza ni kwamba mlango tuliouingilia ulikuwa na kibao kilichoandikwa “Meneja”.

Mtu yeyote wa Muheza angeweza kukisia kilichotokea. Fedha za machungwa huingia kwa msimu, kisha akaunti hukaa kimya miezi mingi, na programu iliyozoea watu wa mshahara wa mwisho wa mwezi huenda ikauona ukimya huo kuwa dalili ya kufilisika. Zaidi ya hapo, wanunuzi humlipa mama huyo kupitia laini ya simu ya mwanawe, kwa hiyo kwenye kumbukumbu za simu mwenye biashara ni mwana. Huenda nimekosea na sababu ilikuwa nyingine kabisa. Meneja ndiye aliyepaswa kuniambia kuwa nimekosea, naye hakuwa na cha kuniambia.

Nisieleweke vibaya kwamba natamani turudi kwenye daftari. Daftari lilikuwa na dhambi zake, na nyingine nilizitia saini mwenyewe. Programu haimjui shemeji wa mwenyekiti, haikumbuki ugomvi wa kiwanja wa miaka iliyopita, na hupitia kwa dakika chache maombi yaliyokuwa yakitumalizia Jumamosi mbili. Tangu chama chetu nacho kianze kutumia programu ya namna hiyo, minong’ono ya upendeleo imepungua, na hilo nalishukuru. Ila uamuzi haukuacha kuwa wa binadamu. Umehama tu: badala ya kufanywa na wajumbe watano waliokaa mezani, umefanywa mapema na yule aliyechagua programu ipime nini na ikatae kuanzia alama ngapi, na mara nyingi hakuna kiongozi aliyemuuliza mtu huyo swali hata moja.

Wanaodhani haya ni matatizo ya mikoani watazame Canada. Mwaka 2022 abiria aliyefiwa na bibi yake aliuliza kwenye tovuti ya shirika la ndege la Air Canada kuhusu nauli nafuu ya wafiwa, na programu ya kujibu wateja ikamweleza kwamba angeweza kulipa nauli kamili kwanza, kisha akaomba kurudishiwa tofauti ndani ya siku 90. Kanuni ya shirika ilikuwa kinyume, na alipodai fedha zake alinyimwa. Shauri lilipofika kwenye baraza la usuluhishi la jimbo la British Columbia, shirika lilijitetea kwa hoja ambayo, kama baraza lilivyoielewa, ilimaanisha kuwa programu ile ni kama nafsi ya kisheria inayojitegemea na inayowajibika kwa matendo yake yenyewe. Mwezi Februari 2024 baraza liliikataa hoja hiyo na kuamuru abiria alipwe takriban dola 812 za Canada. Kiasi hicho ni kidogo kwa shirika la ndege. Lakini hebu fikiria, Mhariri, wakubwa wa kampuni wakikubali hoja ya namna hiyo ipelekwe kwa jina lao, hoja ambayo hata mwenye kibanda cha chipsi asingethubutu kuitoa kuhusu kijana wake wa mezani.

Mwezi huohuo kampuni ya Klarna ya Sweden ilitangaza kwa fahari kwamba programu yake imebeba theluthi mbili ya mazungumzo na wateja, kazi iliyolinganishwa na ya wafanyakazi 700. Mwaka 2025 mkuu wake, Sebastian Siemiatkowski, alikiri hadharani kuwa walitanguliza mno kupunguza gharama na ubora ukashuka, na kampuni ikaanza tena kutafuta watu wa kuzungumza na wateja. Wengi walimcheka. Mimi naona alifanya kazi ya kiongozi, maana alisema “tulikosea” kwa kinywa chake, bila kuisukumia lawama mashine.

Kwetu sheria si haba. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inampa Mtanzania haki ya kutaka uamuzi unaomgusa kwa uzito usitegemee mashine peke yake, na Wakenya wanayo haki ya jamii hiyo katika kifungu cha 35 cha sheria yao ya mwaka 2019. Lakini haki hiyo ina maana gani kwa mama wa machungwa ikiwa meneja aliye mbele yake hajaruhusiwa kubadilisha chochote? Kumweka mtu abonyeze kitufe cha “kubali” baada ya mashine kuamua si kuushirikisha utu wake, na wakurugenzi wanalijua hilo.

Pendekezo langu ni dogo. Bodi ya kila taasisi inayotumia programu hizi kuamua juu ya mikopo, ajira au bima iandike jina la cheo chenye mamlaka ya kuutengua uamuzi wa programu, ngazi ya tawi ikiwemo, na iweke kumbukumbu ya mara ngapi uamuzi umetenguliwa na kwa sababu gani. Mahali ambapo kwa mwaka mzima haukutenguliwa hata mmoja, bodi ingefaa kuuliza kama mameneja wake bado wanasoma wanachokitia saini. Waandishi wako wa habari za biashara nao, wanapowahoji wakurugenzi wakuu kuhusu faida ya mwaka, wanaweza kuongeza swali hilo moja.

Katika chama chetu, ombi lililokataliwa na programu husomwa upya na wajumbe wawili, nao huandika sababu na kutia saini. Mara nyingi tunakuta programu ilikuwa sahihi. Mwombaji huondoka bila mkopo, lakini akiwa na karatasi yenye sababu na majina yetu, na wengine wameirudisha mwezi uliofuata kutuonyesha tulipokosea.

Mjumbe wa kamati ya mikopo,
Muheza, Tanga