Mabango yametosha, tuwekeeni luku

Ndugu Mhariri, pole na kazi, naomba kaupenyo kwenye gazeti lako nitoe la moyoni.

Mi ni fundi cherehani hapa Tandale, nipo kwenye kakituo ketu ka kujitolea na mama lishe wawili, dogo mmoja wa bodaboda na mwalimu mstaafu, hakuna anayelipwa hata mia. Watu wakisikia Tandale wanajua kwa kina Diamond basi, au mafuriko ya Mto Ng'ombe, ila ingia huku vichochoroni uone, baba mama na watoto wanne chumba kimoja cha kupanga, mvua ikinyesha na jiko linaingia humo humo. Elimu bila ada ilianza 2016, tunashukuru sana tu, ila huyo mtoto akirudi jioni anasomea wapi? Ndo wanakuja kwetu kwenye mikeka, mwalimu anawasahihishia hesabu, sisi wengine tunawajazia wazee fomu za NIDA za kitambulisho cha taifa au tunawasindikiza kutibiwa, maana mwenye miaka 60 na kuendelea asiye na uwezo anatakiwa atibiwe bure lakini akifika dirishani peke yake anazungushwa mpaka anakata tamaa.

Sasa mwezi uliopita tukapata wageni, siwataji. Turubai, viti vya kukodi, maspika, bango kubwa lenye sura zao, fulana zote saizi ya mijibaba watoto wakazivaa kama kanzu, picha zikapigwa utadhani harusi. Wakaacha katoni mbili za sabuni na juisi. Jioni hiyo hiyo saa moja na nusu luku, umeme wa kulipia kabla, ikaisha, giza totoro, hela kwenye simu hakuna mwenye nayo, dogo wa boda akasogeza pikipiki mlangoni akawasha taa tukamalizia hesabu za sehemu huku injini inaunguruma na moshi unatuingia.

Na hiyo luku yenyewe, ukinunua ya 5,000 mwanzo wa mwezi inakatwa kwanza 1,500 kodi ya jengo, jengo si letu, mwenye nyumba ukimwambia aipunguze kwenye kodi ya chumba anacheka tu. Tukaenda kuulizia ile asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, tukaambiwa ile ni mikopo ya vikundi vya akina mama, vijana na wenye ulemavu, mnafanya biashara mnarejesha. Sawa, sisi tutarejesha nini, watoto waliojua kugawanya?

Kwa hiyo ndugu zangu mnaotaka kusaidia, njooni siku ya kawaida jioni bila kamera mkae mkekani nusu saa, mtaona wenyewe kama ni luku, madaftari au kodi ya chumba, mwenye nyumba anataka ya miezi sita kwa mkupuo.

Lile bango lao tulilishusha, tumelitandika juu ya bati pale palipokuwa panavuja. Halipitishi hata tone.

Fundi cherehani,
Tandale, Dar es Salaam