Mionzi ya dakika kumi, safari ya wiki tano

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme jambo kuhusu tiba ya mionzi kwa wagonjwa wa saratani ya matiti. Linanikaa rohoni tangu nilipomrudisha mama Songea.

Mama alitolewa uvimbe, titi likabaki, kisha akaandikiwa mionzi mara 25, Jumatatu hadi Ijumaa, jijini Dar es Salaam. Kila siku alilala kwenye mashine kama dakika kumi. Ukijumlisha zote ni saa nne na ushee. Kwa saa nne hizo tulikaa wiki tano sebuleni kwa binamu yangu Mbagala, tukiamka saa kumi alfajiri kuwahi daladala. Mama alijifuta kwa kitambaa badala ya kuoga, akiikwepa mistari ya wino aliyochorwa kifuani, kwa hofu kwamba ikifutika ataanza upya. Wiki ya nne ngozi ya kwapa iliiva ikawa nyeusi, akawa anatembea ameunyanyua mkono, nami nawasihi abiria wasimsukume.

Hatujutii. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011, uliojumlisha wanawake zaidi ya 10,000 waliotolewa uvimbe na kubakiziwa titi, ulionyesha kwamba ndani ya miaka 10 ugonjwa uliwarudia 35 katika kila 100 wasiopata mionzi. Kwa waliopata, ni 19. Anayekatisha tiba njiani anaipunguza nafasi yake ya kuepuka ugonjwa kurudi, na wanaokatisha si wazembe. Mama mmoja wa Kigoma, tuliyezoea kukaa naye benchi moja, alituaga siku yake ya 9. Pesa ya chumba ilikuwa imekwisha.

Uingereza walishalinganisha mionzi ya mara 25 na ya mara 15, dozi ya kila siku ikiongezwa kidogo. Matokeo ya miaka 10, yaliyotoka 2013, yalionyesha wiki tatu zinatosha. Daktari ndiye mwamuzi, na si kila mgonjwa zitamfaa. Ninachoomba ni mgonjwa aulizwe anatoka wapi na atalala wapi kabla ratiba haijapangwa, na aambiwe waziwazi kama hizo wiki tatu zinamfaa. Na mikoa isiyo na mashine ichangie hosteli jirani na hospitali zenye mashine: vitanda, maji, jiko la kupikia uji. Hatuombi zaidi ya hapo.

Yule mama wa Kigoma alibakiza siku 16. Namba yake ninayo. Kila nikipiga haipatikani.

Msomaji wako,
Songea