Chozi si jogoo

Ndugu Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako miaka yote hii bila kuandika hata mstari. Ile taarifa yenu ya ndege wa Uluguru imenishinda. Eti kila ndege huzaliwa na wimbo wake kamili, kama jogoo, wala wimbo huo hauharibiki!

Jogoo hata akilelewa peke yake atawika tu. Chozi, yule ndege mdogo anayefyonza nekta ya maua, ni wa ukoo mwingine kabisa: kinda husikiliza madume wakubwa, hubabaika kwanza, kisha wimbo hutulia. Mtafiti W. H. Thorpe wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, aliyaonyesha hayo miaka ya 1950 kwa ndege wadogo wa Ulaya, ambao walipokuzwa bila kumsikia mkubwa yeyote waliishia kuimba wimbo hafifu. Hata chozi wa milima yetu ya Afrika Mashariki wamechunguzwa. Matokeo yaliyotoka 2021 yalionyesha kuwa makundi mengine yametengana tangu enzi na enzi na bado yanaimba karibu sawa, ilhali mengine nyimbo zao zimegeuka kwa mkupuo. Mwandishi wenu hakuligusa hilo.

Na mnapowaambia watu kuwa wimbo hauharibiki, mnawapa ruhusa ya kuuchezea. Majuzi nilimkuta mwongoza watalii msituni na spika mkononi, anapiga wimbo wa dume, anarudia, anarudia, ili wageni wapate picha. Chozi akaacha maua akaja mbio, kwa kuwa dume huimba kulinda eneo lake na kuita jike, na kwake ile sauti ni mvamizi. Akazunguka spika kwa hasira, hali chakula wala halindi chochote. Nikamwomba kijana azime, akanijibu wageni wameshalipa. Wameshalipa! Nani kamlipa ndege? Huko Australia yupo ndege adimu mla nekta ambaye wakubwa wamepungua mno, hata utafiti wa 2021 ukakuta takriban asilimia 12 ya madume wanaimba nyimbo za ndege wengine, kwa kukosa wa kuwafundisha. Tunangoja tufike huko?

Kibali cha kila mwongoza watalii kiandikwe wazi: rekodi isizidi nusu dakika, mara moja tu kwa ndege mmoja, na karibu na kiota isipigwe kabisa. Ninyi nanyi chapeni masahihisho ukurasa uleule, kwa herufi kubwa zilezile, kabla mwandishi wenu hajatumwa tena mlimani.

Msomaji wenu,
Morogoro