Mjomba, Gari Halikuishia Babati

Shikamoo Mjomba.

Najua umenuna. Simu zangu nne hujapokea, na mama anasema Jumapili baada ya misa ulimpita nje ya kanisa kama vile humjui, kosa likiwa langu mimi. Lakini najua pia kwamba kila ninachoandika hapa mjukuu wako anakusomea, basi nimeona nipitie mlango huu. Ukoo mzima umeshaona picha, na daftari lako la gari halidanganyi: Kibosho hadi Babati kwenda na kurudi ni kama kilomita 500, na gari limerudi na karibu 3,000.

Harusi ya Babati niliyokuombea gari ilikuwepo kweli, tulikula na kucheza. Shida ilianza kesho yake asubuhi, tulipofika njia panda na tangi limejaa. Kulia Arusha, kushoto Singida. Sitaki kumsingizia mtu, lakini aliyekuwa ameshika ramani ni mwanao wa mwisho.

Singekudanganya kama ungeniachia nafasi ya kusema ukweli. Mwaka juzi nilipokutajia maporomoko ya Kalambo kule Rukwa ulijibu maporomoko ni maporomoko, twende Materuni turudi tule ndizi. Nilipotaja Sumbawanga ukaanza habari za radi, kwamba huko mtu akikukasirikia anakutumia radi mchana jua likiwaka. Mzee mmoja wa Kifipa tuliyemsimulia hofu yako alicheka mpaka akakohoa. Akasema jina lenyewe la mji, kwa lugha yao, ni kama kukuambia "tupa uchawi". Yaani ukifika pale mzigo wako uache mlangoni.

Ya njiani sitayakalia sana. Singida tulikula kuku, Tabora tulinunua asali, na kati ya Sikonge na Mpanda ni miombo na mizinga juu ya miti, kilomita baada ya kilomita, hadi mwanao akalala mdomo wazi. Katavi mbung'o waliingia kwa lile tundu la kwenye mlango wa nyuma ambalo umesema miaka yote utaliziba. Lizibe, Mjomba. Nimevimba shingo.

Halafu gari likaanza kupanda, na hapo ndipo natamani ungekuwepo. Sisi tumezoea kwamba ukipanda unaelekea kileleni, mlima unao mbele ya macho. Ufipa si hivyo. Unapanda, unapanda, halafu juu hakuna kilele, kuna uwanda. Majani, upepo, ng'ombe, anga kubwa. Mji wa Sumbawanga uko zaidi ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, mara mbili ya Moshi mjini, na jioni tulivaa makoti yote tuliyokuwa nayo. Uwanda wenyewe umekaa kama meza kati ya mashimo mawili ya Bonde la Ufa: mashariki unashuka ghafla kwenye Ziwa Rukwa, magharibi kwenye Ziwa Tanganyika. Kwa hiyo mto wowote wa huko ukifika ukingoni hauna njia nyingine. Unaruka.

Mashambani wanalima kwa matuta ya mviringo, wanaita ntumba. Majani yanafukiwa ndani ya udongo yakaoze, yawe mbolea ya msimu unaofuata. Mimi niliyekua nikibeba samadi kichwani kupeleka kihambani, kwenye shamba letu la migomba, niliyatazama kwa wivu kidogo. Na wanalima ulezi, Mjomba. Ulezi kwelikweli. Nitarudi hapo.

Kutoka Sumbawanga hadi Matai ni lami. Ukiiacha kuelekea kijiji cha Kapozwa, ndipo gari lako lilipoanza kufanya kazi uliyolinunulia. Ilikuwa mwisho wa Mei, mvua zimekatika lakini vijito bado vina nguvu, na barabara imechimbwa na maji mpaka katikati pamebaki tuta linalokwaruza tumbo la gari. Pale pa kuvuka nilifanya ulivyonifundisha: nikashuka kwanza, nikavua viatu, nikapima kina kwa miguu yangu. Maji ya magotini, chini mawe. Tukaingiza gia ya nguvu, tukapita polepole bila kukanyaga klachi. Kijito cha kwanza salama, cha pili salama.

Cha tatu, tukiwa tunapanda ng'ambo, nikasikia mlio kama wa soda inayofunguliwa. Mvuke ukajaa kioo chote.

Mpira wa chini wa rejeta ulikuwa umepasuka, ufa wa urefu wa kidole. Nilizima injini palepale na sikugusa mfuniko wa rejeta. Hilo ulinichapa nikiwa na miaka kumi na mbili na limenikaa. Tukasubiri. Wakapita kina mama wanatoka mtoni, mmoja akatua ndoo yake bila kuulizwa, akamtuma mtoto amwite fundi baiskeli. Akaja kijana ana mkoba wa nailoni, ndani mna koleo, gundi na tyubu kuukuu. Akaikata tyubu utepe mrefu mwembamba kama mkanda wa kiuno. Akaukausha mpira kwa shati lake, akaanza kuuzungusha ule utepe akiuvuta kwa meno na mkono, kila mzunguko ukilala nusu juu ya uliotangulia, kama mtu anayefunga jeraha. Tabaka tatu. Juu yake akakaza kwa waya. Tukajaza maji, tukawasha, tukakodoa macho. Tone moja. Halafu halikuja jingine.

Hela alikataa kwanza, baadaye akapokea ya tyubu tu. Lakini aliinama chini ya boneti muda mrefu, akagusagusa nati, akaniuliza gari ni la nani. Nikasema la mjomba. Akasema, "Huyo mzee anajua kutunza." Nimeona nikufikishie kama alivyosema.

Maporomoko yenyewe sasa. Mto Kalambo hapo ndio mpaka wetu na Zambia, na hauna hata upana wa kutisha. Unakuja taratibu juu ya mwamba, unafika ukingoni, halafu unadondoka mita 235 kwa mruko mmoja. Ya Materuni hayafiki hata nusu. Nililala kifudifudi nikachungulia. Maji yanaanza kama kamba, katikati yanachanika, na chini kabisa ni moshi tu. Kuna kongoti wanaojenga viota kwenye kuta za korongo, na mmoja aliruka chini yangu. Chini yangu, Mjomba. Maisha yangu yote ndege nimemwona tumbo. Siku hiyo nilimwona mgongo. Kuna ngazi za kushukia, na magoti yangu bado yanalalamikia safari ya kupanda.

Sasa neno la seremala kwa seremala. Juu ya maporomoko, upande wa Zambia, wachimbaji wa mambo ya kale walikuta magogo mawili yaliyokingamana, yameungwa kwa pengo lililochongwa makusudi. Habari zake zilichapishwa mwaka 2023. Umri wake ni miaka isiyopungua 476,000. Binadamu wa aina yetu, kwa mabaki ya kale zaidi yanayojulikana, wana kama miaka 300,000, kwa hiyo aliyechonga lile pengo hakuwa mtu kama mimi na wewe. Hakuwa na patasi wala msumeno, alikuwa na jiwe. Magogo hayakuoza kwa sababu yalikaa ndani ya udongo uliolowa maji, hewa haikuyafikia. Magogo sikuyaona, ila nilisimama juu ya mto uleule nikakukumbuka ukiwa karakana, unamfokea kijana aliyepigilia msumari mahali pa kuchonga: "Msumari ni uvivu!" Nikajiuliza ungemwambia nini yule.

Basi, naomba radhi. Nilikudanganya, nikachukua mali yako nikaipeleka mbali bila idhini, na nikamwingiza mwanao (au yeye kaniingiza mimi, hilo tutaamua kikao). Jani la sale, lile la kuombea radhi kwetu Wachaga, nimelichuma kwenye mpaka wa kihamba cha babu, mama atakuletea kesho jioni. Litafuatana na debe moja la ulezi wa Ufipa. Shangazi ameshauonja akasema unafaa mbege, na ndizi amesema atatoa yeye.

Mpira mpya wa rejeta nimeshanunua, umo kwenye droo ya mbele pamoja na risiti. Sijaufunga, kwa sababu ule wa tyubu tumekuja nao kutoka Kapozwa hadi Kibosho bila kuvuja tena. Nilitaka kwanza ufungue boneti uuone.